Sauti ya Mnadi

Februari 9

Dada,

Shikamoo. Najua ukiona mwandiko wangu kwenye bahasha utafikiri nimekufa, maana tangu tuwe watu wazima sijawahi kukuandikia zaidi ya salamu. Sijafa. Ila daktari amenipa habari ambayo siwezi kukupa kwa simu, kwa sababu kuongea kwenyewe ndiko alikonikataza.

Ule ukwaruzo wa koo niliokuwa nikiusingizia vumbi la ghala la mnada, si vumbi. Ni uvimbe, ule mbaya. Tarehe ishirini na saba Machi watanipasua na kuondoa kikoromeo chote. Nitaishi, amesema. Nitakula, nitatembea, nitapiga chafya kama watu wengine kwa namna yake, ila sauti ndiyo basi. Nilimwomba arudie, akarudia, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Fikiria, dada. Mimi niliyeuza vitanda na majokofu ya watu kwa mdomo huu, niliyekuwa nikisema maneno kumi wakati mwenzangu anatafuta la kwanza.

Mpaka siku hiyo niseme kidogo sana, koo lisizidi kuumia. Basi nimeamua hayo machache yote ni ya Kasuku. Wewe mwenyewe ndiye uliyempa jina hilo, alipokuwa mdogo akipanda juu ya meza na kuiga nilivyokuwa nikinadi. Tangu mama yake afariki nimemlea binti huyu kwa makelele, sijui njia nyingine. Mambo ya viatu na mablanketi nitamwandikia barua. Ya moyoni nitamtumia kwa video. Kinyozi wa mlango wa pili huzima mashine yake, huwaambia wateja wanyamaze, ananikalisha kwenye kiti chake maana ndipo penye mwanga, ananirekodi. Siku hizi natoa neno, napumzika, natoa jingine. Yeye ananivumilia.

Usimwambie mtoto. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Kisha nataka aje tukae pamoja siku chache kabla ya kupasuliwa, nimwite aitike. Sitaki kingine.

Mdogo wako,
Mnadi

*

Februari 21

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika, na bwenini wote wamekuja kuitazama kama mnyama wa porini. Watu wanaacha kuandika barua, wewe ndiyo kwanza unaanza. Haya, nimekubali masharti yako: sikupigii simu mpaka koo lipone, madogo tunaandikiana, makubwa unanitumia video. Mimi nilikwambia zamani kwamba huo mnada utakumaliza koo. Hukusikia. Sasa pumzika, unywe vya moto.

Video zako mbili nimeziona. Kinyozi anarekodi vizuri, ila mbona unavuta maneno hivyo, kama mgeni rasmi? Zamani mtu alikuwa anaomba upunguze mwendo.

Umeuliza siku zisizo na vipindi nazipitishaje. Nikikwambia utataka urudishiwe ada. Tuko wanne chumbani. Kiongozi wetu tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu ndiye anayeamua tuangalie nini na hakuna anayempinga. Jumamosi tunafunga mapazia mchana kweupe, tunaunganisha vitanda viwili, kompyuta tunaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, tunaanza tamthilia mpaka msimu mzima uishe. Ukiingia utadhani kuna mgonjwa. Anayekwenda kuchota maji anasimuliwa alichokikosa. Siku za kawaida tunaangalia zile video fupi fupi. Mimi siku hizi hata chakula hakipiti bila kitu kinachocheza mbele yangu.

Lakini usininunie, maana uvivu wetu sasa una alama. Mhadhiri ametupa kazi ya kikundi: tuandae dodoso tujue wanafunzi wanatumiaje muda wa mapumziko, wanaangalia video gani, na nani, na kwa namna gani. Tumejipanga kupita bweni kwa bweni. Mwenyekiti anasema utafiti huu alianza kuufanya tangu mwaka wa kwanza, bila kulipwa.

Binti yako,
Kasuku

*

Machi 3

Kasuku,

Viatu vyako vya mvua nimempa fundi, atashona soli na kupaka gundi. Blanketi la pili nitalituma kwa mwenye duka anayekuja huko kufuata mzigo.

Juzi nimekutumia video ya nne. Ni ndefu kuliko zote, na nimeirekodi kwa vipande, leo kidogo, kesho kidogo, kinyozi akaviunga. Nadhani imekufikia kabla ya karatasi hii. Kama hujaiangalia, kaa peke yako, uiangalie yote. Kisha uniandikie umeamuaje. Ukisema huwezi, nitaelewa, una masomo.

Yaliyomo humo siyarudii kwa kalamu. Nimekwambia wewe, kwa sauti yangu, na inatosha.

Baba yako

*

Machi 12

Baba,

Shikamoo. Video ya nne nilikuwa nimeshaiona kabla barua yako haijafika. Nzuri sana, nimefurahi. Wewe na kinyozi mkiendelea hivi mtatuharibia soko la tamthilia.

Umeuliza nimeamuaje. Nimeamua kabati la Mama usilinadi. Najua halina mlango mmoja na linakula nafasi, lakini nikipata kwangu nitalichukua. Asante kwa kuniuliza kwanza.

Likizo fupi ya katikati ya muhula siji nyumbani. Kuna madodoso ya kukusanya, halafu Mwenyekiti amepata msimu mpya wa ile tamthilia ya wale ndugu wenye hoteli, na tumeapa hakuna atakayeuona kabla ya wenzake. Mabweni yatakuwa nusu matupu, mtandao utakuwa mwepesi, itakuwa raha. Tutaonana muhula ukiisha. Wakati huo koo litakuwa limepona na utanipigia makelele mpaka nitamani kurudi chuo.

Jitunze,
Kasuku

*

Machi 19

Dada,

Shikamoo. Amejibu. Nimemwambia mwanangu kwamba nakatwa kikoromeo, naye kajibu kwamba amefurahi.

Nimeisoma barua hiyo mpaka kinyozi akaninyang'anya. Mwishoni mwa video nilimuuliza pia habari ya kabati la mama yake, nikidhani nimalize na jambo jepesi ili asibaki analia. Hilo la kabati ndilo alilolijibu. La kupasuliwa hakuligusa. La kuja amesema haji, ana tamthilia ya kuangalia na wenzake. Kaandika hivyo hivyo, wala hakutafuta kisingizio cha mtihani. Halafu anasema tukionana nitakuwa nimepona na kupiga makelele. Nimejiuliza kama ni mzaha, na kama ni mzaha, nani kamfundisha.

Nimejaribu kumtetea. Labda anaogopa. Alipokuwa mdogo akiogopa kitu alikuwa anazungumzia kingine kabisa. Siku ya mazishi ya mama yake alinisumbua mchana kutwa kuhusu kamba za viatu. Labda kabati ndiyo kamba za viatu za sasa. Nikifika hapo natulia. Kisha nasoma tena pale alipoandika itakuwa raha.

Alipokawia kujibu uliniomba ruhusa umpigie simu. Hapana. Nimeshamwomba kwa sauti niliyobakiwa nayo. Akija kwa kuvutwa na wewe atakaa kitini akiangalia saa, nami nitajua. Nimewanadia watu maisha yangu yote, namjua mtu ambaye hataki kununua. Ukimbembeleza, ataondoka na kitu ambacho hakukihitaji.

Nimekasirika, dada, na hasira yenyewe siruhusiwi kuipigia kelele. Njoo wewe hiyo tarehe ishirini na saba. Na ukimwandikia kwa siri nitajua, maana uongo hujawahi kuuweza.

Mdogo wako

*

Machi 26

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Wiki hii hakuna barua wala video, au kinyozi amekuomba umlipe kiti?

Madodoso tumeyamaliza, na tumecheka mpaka mbavu zikauma. Tulidhani tutakuta watu wanacheza mpira, wanasoma magazeti, wanakwenda kutembea. Wapi. Wanaangalia video. Wanaangalia wakila, wakifua, wakisubiri maji yachemke. Mmoja wa uhandisi ameandika kwamba akipumzika kuangalia video huwa anaangalia video za watu wanaopumzika. Mwingine amesema ana marafiki wengi, kisha alipoulizwa huangalia na nani akajaza: peke yangu.

Lakini lililotuchekesha zaidi ni la mwendo. Unajua simu ina sehemu ya kuongeza kasi ya video, mtu akaongea haraka mara mbili? Karibu wote wanaitumia. Hakuna anayevumilia binadamu aongee kwa mwendo wake. Mihadhara tunaikimbiza, mapishi tunayakimbiza, mahubiri tunayakimbiza. Mwenyekiti hukimbiza hata nyimbo.

Na mimi, usininunie, hata zako nazikimbiza. Naziangalia nikiwa nakula. Siku hizi unavuta mno, Baba, nikikusikiliza kwa mwendo wako chakula kinapoa. Naongeza kasi, katikati naruka, naacha kuruka nikiona unakaribia mwisho, maana huko ndiko watu huweka la maana. Kama lile swali lako la kabati. Usione vibaya. Nikija utanisimulia yote upya kwa mdomo, na hapo sina pa kubonyeza.

Kasuku wako

*

Aprili 2

Kasuku mwanangu,

Hujambo? Ni shangazi yako. Niko kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume, nimeazima kalamu ya muuguzi, na nimeambiwa na baba yako nisikuandikie. Nakuandikia.

Baba yako alikuwa na uvimbe kooni. Tarehe ishirini na saba wamempasua na kutoa kikoromeo. Amepona vizuri kwa jinsi ya mtu aliyepasuliwa. Anapumua kwa tundu la shingoni, anakaa, anaandika kwenye ubao mdogo. Lakini haongei, wala hataongea tena. Haya yote alikwambia mwenyewe kwenye ile video ya nne, akakuomba uje kabla. Mimi nilidhani unajua. Nilikulaani, mwanangu, nikiwa jikoni kwangu. Nasikitika.

Barua yako ya madodoso imefika juzi. Nimeisoma kitandani kwake kwa sauti, maana anapenda kusomewa za kwako, hata zile zilizomuumiza. Tulianza vizuri. Yule wa uhandisi alimtikisa mabega kwa kicheko. Nikafika pale unaposema hata zake unazikimbiza, nikasita. Akaniashiria niendelee. Nikasoma mpaka mwisho. Hakulia. Alichukua ule ubao, akaandika: Asiambiwe.

Nikamuuliza kwa nini. Akafuta, akaandika: Hakujua. Aendelee kutokujua.

Anataka uje mwisho wa muhula umkute hivyo, aseme ilitokea ghafla. Amekuonea huruma, na mimi nakuonea, lakini sitaki ukae miezi yote hiyo ukiandika vichekesho kwa mtu asiye na sauti. Halafu nina langu. Niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza, nikajiona dada mwenye heshima. Simu yangu ilikuwa na chaji siku zote hizo. Ningekupigia dakika moja tu.

Usinijibu mimi. Iangalie ile ya nne, kwa mwendo wake yeye. Kisha umwandikie.

Shangazi yako

*

Aprili 7

Baba,

Shikamoo. Shangazi ameniandikia. Usimgombeze.

Nimeiangalia. Sikuongeza kasi, sikuruka, sikuwa na sahani mbele yangu. Nimeangalia na zile tatu za kabla yake. Nilikuwa sijui kwamba Mama alinunua lile kabati bovu kwa sababu alitaka usinyamaze. Kwamba alikuwa anapandisha bei makusudi, hana hata pa kuliweka, na wewe ukadhani umepata mnunuzi mjinga. Umeisimulia yote kwenye video ya pili, kwa shida, na mimi nilikujibu kwamba unavuta maneno kama mgeni rasmi.

Kwenye ile ya nne, kabla hujasema habari ya daktari, unaniita. Unasema, "Kasuku." Halafu unanyamaza. Kioo cha kinyozi kiko nyuma yako, kuna mteja anakohoa, na wewe umeitazama simu tu. Nilidhani umepungukiwa pumzi. Unasema tena, "Kasuku," unanyamaza tena, na safari hii unainua kichwa kidogo, vile unavyofanya ukiwa sebuleni na mimi niko jikoni. Ulikuwa unangoja niitike. Umeacha nafasi yangu humo ndani, Baba. Ukiongeza kasi, nafasi hiyo haipo. Jina langu na neno linalofuata yanashikana, wala hujui kwamba palikuwa na kitu.

Nimeitika. Nimesema, "Abee, Baba." Wenzangu wakageuka. Mwenyekiti akaniuliza naongea na nani, nikairudisha video nyuma.

Ningekuwa na mtihani ningejificha nyuma ya mtihani. Sikuwa nao. Nilikuwa na muda tele, hilo ndilo linaloniua. Likizo yote ile, wewe ukiwa bado unaweza kuniita, nililala kwenye vitanda viwili vilivyounganishwa nikiangalia ndugu wenye hoteli wakigombana, na leo nikiulizwa waligombania nini sikumbuki. Tulipita bweni kwa bweni tukiwauliza wenzetu muda wao unakwenda wapi. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Sijui niombe nini. Msamaha najua utanipa, wewe huwezi kumnyima mtu kitu akikuomba kwa adabu, na ndiyo maana naona haya kuuomba. Naomba nije. Ukisema bado, nitangoja.

Binti yako

*

Aprili 15

Kasuku,

Nimeruhusiwa kurudi nyumbani tangu juzi. Shangazi yako amenisoma uso, akajua nimejua, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Sijamgombeza. Kugombeza kwa ubao hakunogi. Ukifuta ili uendelee, hasira imeshapoa.

Sitakudanganya kwamba halikuuma. Liliuma. Siku zile kabla ya kupasuliwa nilikaa nikijua kwamba umenisikia, ukapima, ukachagua wenzako. Sasa najua kwamba hukunisikia kabisa. Nimejaribu kuamua lipi kati ya hayo mawili ni afadhali, na mpaka leo sijaamua.

Nami nilikuwa na kiburi. Ningeweza kuandika mstari mmoja, nakatwa koo, njoo. Wino ulikuwepo. Nilitaka unisikie, nikaona kuandika ni kushindwa. Mtu amezoea maisha yake yote kwamba akifungua mdomo watu wanasimama, hakumbuki kwamba kuna siku watapita.

Jana kinyozi amekuja kuninyoa ndevu, kwa uangalifu, maana huku chini sasa kuna tundu la kuogopwa. Alipomaliza nikamwandikia anionyeshe hiyo kasi ya simu inavyofanya. Akaiweka ile ya nne, akaongeza mara mbili. Kasuku, alikuwa ni mimi. Si huyu wa kiti cha kinyozi anayetafuta pumzi. Yule wa ghalani, mwenye maneno kumi kwa moja, sauti nyepesi kidogo lakini ni yule yule. Kinyozi akasema, "Huyu ndiye ninayemjua." Nilitaka kucheka, ukatoka upepo tu shingoni.

Basi ndivyo ulivyokuwa ukinisikia wakati wote huo. Ulikuwa unamsikiliza baba yako mzima, ungejuaje kwamba anaumwa. Nimeandika hili nikidhani litakufariji, sasa nalisoma naona halifariji sana, wala mimi halinifariji. Lakini ni kweli, nikaona nisikunyime.

Wewe umeitika, nami sikusikia. Tumebaki hivyo. Hatuwezi kulirudia, na sitaki tujifanye kwamba tunaweza.

Njoo Jumamosi. Shangazi yako atakuwa sokoni asubuhi, nitakuwa peke yangu sebuleni. Utabisha hodi kwa mazoea, najua. Usisimame mlangoni ukingoja niseme karibu. Ingia tu, mwanangu.

Baba yako